Ukanushi Mmoja Watosha: Kufundisha Viwakilishi Visivyo Dhahiri vya Kiingereza

Aghalabu maneno "somebody", "anybody", "nobody" na "everybody" hupangwa ubaoni pamoja na maana zake, watoto wakaamriwa kuyakariri. Kwa miaka niliyofundisha nimeona kuwa orodha hiyo haitoshi. Kosa la mtoto halitokani na usahaulivu. Hutoka katika lugha aijuayo vema.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika, "I did not see nobody." Kwa Kiswahili tungesema, "Sikumwona mtu yeyote," na ukanushi sharti uwe katika kitenzi. Aliuweka hapo, kisha akachukua neno ambalo orodha ilimwambia ni "hakuna mtu". Lakini Kiingereza sanifu hutaka ukanushi mara moja tu: ama katika kitenzi, "I did not see anybody", ama katika kiwakilishi, "I saw nobody". Nilimwuliza, "Umekanusha mahali pangapi?" Akahesabu, akajibu, "Pawili, mwalimu," akasahihisha mwenyewe.

Kiwakilishi kikiwa kiima, njia ni moja: "Nobody came." Hatusemi "Anybody did not come", ingawa "Mtu yeyote hakuja" husikika miongoni mwetu.

Neno "everybody" nalo lisifasiriwe "watu wote", maana mtoto ataandika "Everybody are here", naye atakuwa amefuata upatanisho tuliomwonyesha. Lifasiriwe "kila mtu". Hakuna mtoto asemaye "kila mtu wapo"; basi "Everybody is here" humjia bila taabu. Aidha, katika "Kila mtu alete kitabu chake", neno "chake" halibagui mume na mke. Waingereza wenyewe wametumia "their" kwa namna hiyo tangu karne ya 14; kwa hiyo asinyimwe alama aandikaye "Everybody should bring their book".

Jambo hili si dogo. Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, Kiingereza kilibaki lugha ya sekondari. Mtoto atakayesomea sayansi kwa Kiingereza hana budi kuthubutu kukisema. Akirudishiwa daftari lenye mikwaju myekundu isiyo na sababu, hunyamaza. Na anyamazaye hajifunzi lugha. Basi, mwalimu, kabla ya kukata sentensi, tafuta kwanza Kiswahili kilichoizaa.