Nilimcheka Mama kwa daftari lake, leo najuta

MPENZI msomaji, je, una duka, karakana, zahanati ama hata chama cha akina mama ambacho hesabu zake zote zimo ndani ya kompyuta? Kama ndivyo, hebu weka kando hicho kikombe cha chai unisikilize kidogo. Leo sikuletei habari za jirani. Nataka kukusimulia jinsi mimi, mtoto niliyesomeshwa kwa jasho la duka, nilivyomtia Mama hasara kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi. Anauza saruji, mabati, misumari, mabomba na rangi. Tangu nikiwa shule ya msingi nilimjua kwa vitu viwili: leso aliyojifunga kiunoni na daftari kubwa jeusi lililofungwa kwa mpira. Fundi akichukua mifuko 10 ya saruji kwa ahadi ya kulipa akimaliza kazi, aliandikwa. Mwalimu aliyengoja mshahara wa mwisho wa mwezi, aliandikwa. Jioni daftari lilitiwa ndani ya kikapu pamoja na sukuma wiki, likarudi nasi nyumbani.

Mwaka wa 2019 nilimnunulia kompyuta. Nilikuwa nimeajiriwa Nairobi na nilijiona mtu wa dunia mpya. Niliweka programu ya hesabu, nikamfundisha msichana anayemsaidia dukani, nikamwambia Mama kwamba siku za kupekua karatasi zimekwisha. Kwa kuwa sikutaka kuonekana mzembe, nilinunua pia diski ndogo ya kuwekea nakala ya akiba. Nikamwambia, "Mama, hii iweke kwenye droo hapa hapa karibu na kompyuta, usije ukaipoteza."

Yakumbuke maneno hayo, msomaji. Nitayarudia.

Krismasi ya mwaka huo nilikwenda nyumbani. Usiku, baada ya chakula, nilimkuta Mama mezani amevaa miwani, anaandika. Kumbe kila jioni alikuwa akisoma madeni ya siku hiyo kwenye karatasi aliyochapiwa dukani, akiyanakili katika daftari lake la zamani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. "Mama, unaandika mara mbili kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu?" Wadogo zangu nao wakacheka. Mama akatabasamu, akafunga daftari kwa mpira wake, akaliweka sandukuni. Hakuandika tena.

Aprili 2022, alfajiri moja, simu yangu ililia. Wezi walikuwa wamekata kufuli za duka. Hawakuchukua saruji wala mabati, maana hivyo ni vizito. Walichukua kompyuta na kila kilichokuwemo ndani ya droo. Ile diski yangu ilikwenda pamoja na mwenzake, kama pete na kidole.

Nilipanda gari moshi siku iyo hiyo. Polisi waliandika habari zetu, wakatupa nambari, tukarudi dukani kukaa kwenye ndoo za rangi kama watu waliofiwa. Kompyuta ilikuwa ya elfu arobaini. Madeni yaliyokuwa ndani yake, kwa makadirio ya Mama, yalikaribia laki nne.

Asikwambie mtu, hakuna kazi ngumu kama kumdai mtu huku huna ushahidi. Tulichukua taarifa za M-Pesa tukazipitia usiku kucha. Zilituonyesha nani alilipa. Hazikutuonyesha nani hajalipa. Basi Mama akaanza kuzunguka mjini akiwauliza wateja wake, "Hebu nikumbushe, wewe nakudai ngapi?"

Kuna fundi mmoja mzee aliyekuja mwenyewe asubuhi ya pili, kofia mkononi. Akasema, "Mama, nimesikia yaliyokupata. Mimi una sh14,200 zako." Wako wengine kama yeye, na Mungu awabariki. Lakini wako waliosema walikwisha kulipa. Mmoja, mtu tunayekaa naye safu moja kanisani, alimtazama Mama usoni akamwambia, "Nionyeshe kitabu." Mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema neno moja tu: "Mwanangu, asiye na kitabu hana deni."

Usiku huo alifungua sanduku akatoa lile daftari jeusi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Desemba 2019, kwa mwandiko wake wa kulala upande. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu. Mama hakunilaumu hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi Nairobi nilianza kuulizauliza na kusoma, nijue watu wenye mali kubwa kuliko yetu hufanyaje. Nilichogundua ni kwamba hata wakubwa huumia, tena kwa makosa yale yale.

Chukua mfano wa Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Ukisafiri kwa barabara ya Mombasa bila shaka umeona makontena yake. Juni 27, 2017 kompyuta zake zilivamiwa na virusi vilivyoitwa NotPetya, vilivyoanza kuenea kupitia programu ya hesabu za kodi inayotumika Ukraine. Kwa muda mfupi tu ofisi zake duniani kote zilizimika. Sasa sikia ajabu. Kampuni hiyo ilikuwa na mashine zipatazo 150 zilizohifadhi orodha ya nani anaruhusiwa kuingia wapi katika mtandao wake. Mashine hizo zilikuwa zikinakiliana, kila moja ikiwa akiba ya mwenzake. Virusi vilipoingia, vilizifuta pamoja.

Ilisalia moja tu, nchini Ghana. Unajua ni kwa nini? Stima ilikuwa imepotea! Mashine ilikuwa imezimika virusi vilipopita. Mfanyakazi mmoja alisafiri na data zake hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake katika uwanja wa ndege, naye akazifikisha London. Mwenyekiti wa kampuni, Jim Hagemann Snabe, alieleza Januari 2018 kwamba iliwabidi kupanga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Sisi tunaolalamika kila stima inapopotea, hapo tuna la kufikiria.

Funzo nililopata ni hili: nakala iliyofungwa kamba moja na ya asili huzama pamoja nayo. Diski yangu ilikuwa droo moja na kompyuta. Mashine za Maersk zilikuwa mtandao mmoja. Daftari la Mama, lililorudi nyumbani kila jioni ndani ya kikapu, lilikuwa mahali pengine kabisa. Mama, ambaye hakuwahi kukalia kiti cha chuo, alikuwa akifanya jambo sahihi, na mimi mwenye diploma nikamcheka akaacha.

Siku hizi si lazima ubebe kikapu. Kuna kampuni zinazohifadhi data kupitia intaneti. Programu ndogo huwekwa ndani ya kompyuta yako, na kila usiku hutuma yaliyobadilika hadi kwenye mashine za kampuni hiyo, mbali na dukani kwako. Duka likiibwa au likiungua, unanunua kompyuta nyingine, unaingia kwa jina lako na neno lako la siri, na hesabu zako zinarudi. Data za duka la kawaida si nyingi. Sisi tunalipa kwa mwezi chini ya bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Lakini usikimbilie, msomaji. Mtandaoni si mbinguni. Ni nyumba ya mtu mahali fulani, yenye nyaya na mashine, nayo inaweza kuungua. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi zilitoweka. Kuna wateja waliokuwa wamelipia nakala za akiba, kumbe nakala zenyewe zilikuwa katika uwanja ule ule wa Strasbourg. Ni ile droo yangu tena, ila hii ilikuwa ya Wazungu.

Kwa hivyo kabla ya kumkabidhi mtu mali yako, uliza maswali. Sisi tuliuliza manne.

Kwanza, nakala zinakaa wapi, na je, ziko mahali zaidi ya pamoja? Wataalamu wana kanuni rahisi: kuwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Sisi tuna kompyuta ya dukani, diski inayokaa nyumbani na ile ya mtandaoni.

Pili, je, naweza kurudi nyuma? Kuna huduma ambazo kazi yake ni kufananisha tu mafaili ya mashine mbili. Ukifuta faili hapa, linafutika na kule. Virusi vikiharibu hapa, uharibifu unanakiliwa na kule. Tafuta huduma inayotunza matoleo ya siku zilizopita, ili ukigundua Ijumaa kwamba mambo yaliharibika Jumanne, uweze kurudisha hesabu za Jumatatu. Wako wezi siku hizi wanaofunga mafaili ya watu kwa mafumbo na kudai pesa ili wayafungue. Mwenye nakala salama ya juzi hana haja ya kuwapigia magoti.

Tatu, ni nani anayeweza kuzisoma? Data zinapaswa kugeuzwa mafumbo kabla hazijatoka dukani, hivi kwamba atakayeziiba njiani aone takataka tu. Neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto wako wala mwaka uliozaliwa, na kuwe na hatua ya pili ya kuthibitisha, kwa mfano nambari inayotumwa kwa simu yako. Tena jihadhari: kwa huduma nyingine, ukilipoteza hilo neno, hata kampuni yenyewe haiwezi kukufungulia. Mama aliliandika letu kwenye karatasi, akalitia ndani ya bahasha pamoja na hati ya shamba. Mimi sikucheka.

Nne, sheria inasemaje? Orodha ya wadeni ina majina na nambari za simu za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uzitunze, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, umjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Isitoshe, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inakutaka uhifadhi rekodi zako za kodi kwa miaka 5. Ukiulizwa, huwezi kujibu kwamba ziliondoka na mwizi.

Kuna jambo la tano ambalo hatukumuuliza mtu. Tulijifunza kwa kuonja. Baada ya kuweka mambo yote sawa, nilikaa miezi kadhaa nikilala usingizi mnono. Siku moja Mama akanipigia simu. "Hebu nionyeshe hizo hesabu zangu zilizo huko juu." Nikafungua nikiwa Nairobi, nikitabasamu. Tabasamu liliishia njiani. Nakala ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma! Mtandao wa dukani ulikuwa umekatika, msichana akaunganisha mwingine, na ile programu haikuelezwa. Kwa wiki tatu haikutuma kitu, na hakuna aliyejua. Kama wezi wangerudi usiku uliotangulia, tungelia tena.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, Mama hunitungia mtihani. "Nitolee deni la fundi fulani, tarehe 12 mwezi jana." Nami sifungui kompyuta ya dukani. Naleta nakala kutoka mtandaoni, nalisoma deni kwa sauti, naye anafuata kwa kidole katika daftari lake jeusi. Ndiyo, amelirudia. Kurasa zilizokaa tupu kuanzia Desemba 2019 ameziruka, akaanza ukurasa mpya. Anasema anaziacha hivyo ili nizione.

Zile pesa hazikurudi zote. Nusu tulilipwa, nusu tulisamehe kwa lazima. Yule wa kanisani bado tunakaa naye safu moja, na Mama humpa mkono wa amani kama kawaida. Ila siku hizi akija dukani hununua kwa pesa taslimu.

Basi, mpenzi msomaji, sikuombi uwe mtaalamu wa kompyuta. Nakuomba ufanye jambo moja kesho asubuhi ukifungua duka. Jiulize: kama mashine hii ingeondoka usiku wa leo na kila kilicho karibu nayo, ningemwonyesha nini mtu atakayeniambia, "Nionyeshe kitabu"? Ukikosa jibu, anza siku iyo hiyo. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee anayeandika mambo yake mara mbili, usimcheke. Mnunulie kalamu nyingine.