Kilomita 150 kwa siku 5: baiskeli, matuta na miji mikongwe ya Denmark

Wiki hii hakuna msimbo. Wale waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, subirini kidogo, inakuja. Leo ni baiskeli.

Septemba 2024 nilikuwa Copenhagen kwa kazi ya wiki 3. Kazi ilipoisha nilikuwa na siku 7 za likizo na tiketi ya ndege isiyobadilika tarehe. Wenzangu wa ofisini walinishauri nizunguke makumbusho ya mjini. Mimi nikapanda treni hadi kusini-magharibi kabisa mwa nchi, karibu na mpaka wa Ujerumani, nikakodi baiskeli ya gia 7 yenye mikoba miwili ya pembeni, nikaanza kuelekea kaskazini. Kutoka Tønder hadi Esbjerg, kwa jinsi nilivyozungukazunguka, ni kama kilomita 150. Mwenye miguu mizuri huzimaliza kwa siku moja. Mimi nilitumia 5, tena kwa raha zangu.

Sikwenda polepole kwa uvivu (sawa, uvivu ulikuwepo kidogo). Ukienda kilomita 12 kwa saa unaona kitu ambacho dirisha la treni halikuonyeshi: kazi ya ukarabati. Pwani ile yote ipo kwa sababu kila mwaka kuna watu wanaoitunza. Nasi watu wa programu, ambao furaha yetu ni kujenga vipya na kukimbia kabla ya kutengeneza vya zamani, tuna la kujifunza pale.

Barabara zenye namba

Kwanza mfumo wenyewe, maana najua mnaosoma hapa mtaupenda.

Denmark ilizindua mtandao wake wa njia za kitaifa za baiskeli mwaka 1993. Kila njia ina namba. 1 hadi 15 ni za kitaifa, 16 hadi 99 ni za kimkoa, 100 na kuendelea ni za mitaa. Kwa njia za kitaifa, namba witiri huelekea kaskazini na kusini, namba shufwa huelekea mashariki na magharibi. Ukiiona namba tu, tayari unajua ukubwa wa njia na mwelekeo wake. Ni kama anwani za mtandao zilizopangwa na mtu aliyelala vizuri usiku.

Mimi nilifuata Namba 1, njia ya pwani ya magharibi. Kwenye kila njia panda kuna kibao cha buluu chenye picha ya baiskeli na namba yako. Siku ya kwanza nilifungua programu ya ramani kila dakika 10, kwa mazoea. Siku ya pili nikaizima, nikaweka simu ndani ya mkoba. Haikuhitajika.

Siku hizi wanaongeza mfumo mwingine uliobuniwa Ubelgiji miaka ya 1990 na mhandisi wa migodi aitwaye Hugo Bollen. Kila njia panda inapewa namba, na kibao kinakuonyesha njia panda zinazofuata. Unaandika kwenye karatasi 12, 15, 41, 8, kisha unaendesha. Yaani grafu, nukta na mistari, ile tuliyofanyia mtihani mwaka wa pili chuoni, imechomekwa ardhini. Nyanya anaitumia bila kujua kuwa inaitwa grafu.

Tønder, bandari isiyo na bahari

Tønder ulipata hadhi ya mji wa biashara mwaka 1243. Ulikuwa mji wa bandari, meli zikiingia kutoka magharibi. Leo ukisimama sokoni huoni hata tone la bahari.

Ni hivi: eneo lote lile ni tambarare, na kila dhoruba kubwa ilileta maji hadi mlangoni. Karne ya 16 wakajenga matuta ya kuzuia bahari (si haya matuta yetu ya barabarani, haya ni vilima virefu vya udongo). Matuta yakafanya kazi. Mashamba yakapona, na njia ya meli ikakatika. Mji ukalazimika kutafuta riziki nyingine, ukageukia ng'ombe na ufumaji wa lesi uliovuma sana karne za 17 na 18. Nyumba za wafanyabiashara wa wakati ule bado zipo, zenye milango ya nakshi, na mtu wa Lamu angesimama kuzitazama.

Hiyo ndiyo bei ya ulinzi. Kila ukuta unaoujenga unafunga na kitu ulichokipenda. Anayewahi kuweka ulinzi kwenye seva ananielewa.

Kutoka Tønder ni kilomita 5 hivi hadi Møgeltønder, kijiji chenye barabara moja maarufu ya mawe, miti ya kivuli pande zote mbili na nyumba za makuti (wao huezeka kwa matete). Juu ya mawe yale baiskeli hutikisa meno. Nilishuka nikasukuma, na barabara ile inastahili kusukumiwa.

Mbele kidogo ni Rudbøl, ambako mpaka wa Denmark na Ujerumani unapita katikati ya barabara ya kijiji. Mpaka huu uliwekwa kwa kura mwaka 1920. Kabla ya hapo, tangu vita vya 1864, eneo hili lilikuwa chini ya Wajerumani. Kura zilihesabiwa kwa ukanda mzima kwa pamoja, na ukanda ukachagua Denmark, ingawa wengi wa wakazi wa mji wa Tønder wenyewe walikuwa wamechagua Ujerumani. Leo unavuka kwa baiskeli huku unakula tufaha.

Jua jeusi

Jioni ile nilisimama kando ya matete, pamoja na watu wengine 40 hivi wenye darubini na chupa za kahawa. Tulingoja kwezi.

Majira ya kuchipua na majira ya vuli, kwezi wanaohama hukusanyika kwenye tambarare hizi kwa maelfu mengi. Jua linapozama hupaa kwa makundi, makundi yanaungana, wingu jeusi linajikunja, linatanuka, linagawanyika na kurudi kuwa moja. Wenyeji huliita sort sol, jua jeusi. Mwewe akiingia, wingu lote linabana kama ngumi. Kisha, ghafla, wote wanamwagika kwenye matete kulala na kelele zinaanza.

Mwaka 1987 Craig Reynolds alichapisha programu yake ya ndege wa kompyuta. Alitumia kanuni 3 tu: usimgonge jirani, fuata mwelekeo wa majirani, usiachwe mbali na kundi. Niliiandika programu hiyo mara mbili chuoni, na mara zote mbili nilijivunia. Baadaye watafiti waliopiga picha makundi ya kwezi mjini Roma walikuta kwamba kila ndege huwafuata majirani 6 au 7 tu, si kundi zima. Hakuna kiongozi wala anayejua umbo la wingu lote. Kwenye skrini nilijua hivyo kwa miaka. Pale barazani kwa ndege, shingo imekakamaa, ndipo nilipokiri kwamba kujua si kuona.

Kondoo wa ukarabati

Siku ya pili na ya tatu ni za tuta. Njia inapita chini yake au juu yake, upande mmoja malisho, upande mwingine bahari ambayo nusu ya siku haipo.

Mimi ni mtu wa Kilifi, kwa hiyo kupwa na kujaa si habari mpya kwangu. Kwetu maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3 na mvuvi huyapanga kwa mwezi bila kalenda. Huku hayapandi sana hivyo, ila ardhi iko sawa kama sinia, kwa hiyo bahari ikipwa inaondoka kilomita nyingi na kuacha tope linalong'aa, limejaa ndege. Sehemu hii ya Denmark iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014, ikiungana na ile ya Uholanzi na Ujerumani iliyoingia 2009.

Tuta lenyewe ni mchanga ndani, udongo mzito juu, kisha majani. Upande wa bahari mteremko ni wa taratibu mno, ili wimbi lichoke kabla halijafika juu. Na juu ya majani kuna kondoo, mamia. Nilidhani ni mapambo ya watalii. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga geti la malisho alinieleza kwa Kiingereza cha polepole: kondoo wanakula majani yakawa mafupi na mizizi ikashikana, na kwato zao zinashindilia udongo bila kuuchimbua. "Wanafanya kazi kila siku," akasema, "na hawajawahi kuomba likizo." (Kinyesi chao kipo njiani pote. Walinzi wa tope la baiskeli ni muhimu.)

Karibu na Højer mto Vidå unaingia baharini kupitia malango. Bahari ikipwa, maji ya mto yanaisukuma milango ikafunguka. Bahari ikijaa, inaisukuma ikajifunga. Lango la zamani ni la 1861. Baada ya dhoruba ya 1976 walijenga tuta jipya mbele zaidi, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, lenye malango yake. La zamani hawakulibomoa. Limebaki nyuma kama nakala ya akiba.

Ribe, na nguzo yake

Siku ya nne nikafika Ribe, mji mkongwe kuliko yote Denmark. Soko lilikuwepo hapa mwanzoni mwa karne ya 8. Mnara wa kanisa kuu unauona saa nzima kabla hujaufikia, maana hakuna kilima cha kuuficha (sehemu ya juu kabisa ya nchi nzima ni mita 171). Sehemu ya mawe ya kanisa lile yalisafirishwa kwa meli kutoka bonde la mto Rhine. Nilipanda ngazi 248 za mnara wa matofali, ambao zamani ulikuwa pia wa kulindia mji na kupigia kengele ya hatari.

Lakini kilichonishika ni nguzo iliyosimama kando ya gati la mto. Ina alama, na kila alama ina mwaka. Hapo ndipo maji yalipofika. Alama ya juu kabisa ni ya Oktoba 1634, kama mita 6 juu ya usawa wa kawaida wa bahari. Usiku ule maelfu ya watu walikufa kwenye pwani hii, na maji yaliingia hadi ndani ya kanisa kuu. Unasimama pale na kichwa chako kiko chini, chini sana ya alama.

Sisi huweka rekodi za ajali za mifumo yetu kwenye faili ambalo halisomwi na mtu. Hawa wameiweka mahali watoto wanapokula aiskrimu.

Niliwaza nyumbani. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 Kenya, na miezi michache tu baadaye niko hapa nimesimama mbele ya nguzo. Sijawahi kuona nguzo kama hii kando ya mto Mathare. Aliyekuwepo anajua maji yalifika dirishani. Atakayehamia mwakani hataambiwa na ukuta, maana utakuwa umepakwa rangi. Nguzo ya mbao na mistari michache haihitaji mkopo wa nje.

Na hata wao hawajamaliza kazi. Tufani ya tarehe 3 Desemba 1999 ilifika kilele chake wakati maji yamekupwa, na tuta likasalimika. Bahati ya namna hiyo haiandikwi kwenye mpango wa mradi.

Jioni mlinzi wa usiku alipita mjini na taa na rungu lake, akiimba saa. Kazi hiyo ilikoma mwanzoni mwa karne ya 20, ikarudishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wageni. Tulimfuata nyuma kama vifaranga. Ni maonyesho, ndiyo, lakini alitupitisha penye nguzo, akasimama, akaielezea. Hata maonyesho yanaweza kuwa ukarabati.

Siku ya tano ni kilomita 35 hivi hadi Esbjerg, mji mchanga ulioanzishwa 1868 kwa sababu baada ya vita vya 1864 Denmark ilihitaji bandari mpya upande wa magharibi. Kati ya Tønder na Esbjerg umepita karne sita za watu wakibishana na maji.

Mkitaka kujaribu

1. Treni za masafa hubeba baiskeli. Lipieni nafasi yake mapema.
2. Hakuna milima, kuna upepo. Mwingi hutoka magharibi na miti yote imelala kuelekea mashariki. Kwenye barabara ya kwenda kisiwa cha Rømø, kilomita 9 katikati ya bahari, nilikanyaga kama napanda Limuru.
3. Kuna vibanda vya mbao vilivyo wazi upande mmoja, vya kulala wasafiri, na vingi ni bure. Bebeni blanketi zito.
4. Kisiwa cha Mandø kinafikika maji yakipwa tu. Angalieni jedwali la maji kabla ya kuvuka, na msibishane nalo.
5. Mkifika Ribe, nendeni kwenye nguzo kabla ya kwenda kula. Simameni chini yake, muitafute 1634.