Ekzosi ya Baba

Honda CG125 ya marehemu baba haikufa kwa injini. Ilikufa kwa ekzosi. Kutu ilianzia upande wa chini, pale maji ya mvuke yanapotuama ukizima injini kabla haijapata moto, ikatafuna polepole mpaka siku bomba lilipobaki mkononi mwangu kama mkate mkavu. Nilizunguka maduka ya spea Mwanza mjini, nikaambulia ya Kichina.

Si vibaya. Honda waliitoa CG katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, barabara za vumbi na mafundi wasio na vifaa. Baadaye viwanda vya China vikainakili injini ile weee, hadi leo. Kwa hiyo ekzosi ya Kichina inakaa kwenye silinda ya Mjapani bila ugomvi. Ugomvi uko kwenye fremu.

Baba mdogo alishatamka: “Bulabo ikifika halijawaka, tunaliuza chuma chakavu, tununue saruji ya kaburi.” Mama akanyamaza. Nami nilielewa, maana kaburi la baba lilikuwa bado tuta la udongo. Lakini kitu kilichotusomesha unakiuzaje kwa kilo? Na Bulabo ni Juni. Tayari huku Bujora, kuelekea makumbusho, Bagika na Bagalu walikuwa wakifanya mazoezi, ngoma zinasikika hadi usiku.

Nikalisukuma hadi Kisesa kwa mzee mmoja fundi.

“Mwangaluka, baba.”

“Mwangaluka. Hilo jeneza unalipeleka wapi?”

Tulipolijaribu, mbele lilikaa vizuri. Nyuma, tundu la kishikio lilipishana na la fremu kwa upana wa vidole viwili, na tumbo la bomba likaegemea pedali ya breki. Kijana mmoja pale akashika nondo ili alivute kwa nguvu. Mzee akamzuia. Bomba lililofungwa huku limevutwa, alisema, linatafuta pa kupumulia: litapasuka kwenye weldi, au litakata bolti za kichwa cha silinda, na bolti ikikatikia ndani ya alumini, hapo ndipo utalia.

Akaweka gasketi mpya, maana ya zamani ikishabanwa haibaniki tena. Akashika nati zote kwa mkono tu, zikiwa legevu. Akapasha bomba kwa gesi, akalikunja kidogo likaiachia pedali. Kishikio cha nyuma akakikata, akachomelea kipande cha bapa chenye tundu jipya. Ndipo akakaza, akianza na mbele, nati hii kidogo na ile kidogo. Nyuma ikaja mwisho, bila kulazimishwa.

Likawaka! Ila kila nikiachia mafuta linapiga pa, pa, kama bunduki ya ndege. Mzee akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa. Injini ilipaswa kukosa pumzi izime. Badala yake ikafoka kwenye kiungo cha mbele. Hewa ilikuwa inaingia hapo na kuwasha mafuta yaliyobaki ndani ya bomba. Akakaza tena, mlio ukapungua, haukuisha. Akafungua plagi: nyeupe. Ekzosi hii inapumua kirahisi kuliko ile ya zamani, kwa hiyo mafuta yalikuwa machache mno. Akabadilisha jeti ya kabureta, akaweka yenye tundu kubwa kidogo. Baada ya kwenda Igoma na kurudi, plagi ilikuwa na rangi ya kahawa. (Wenzangu wa mjini mnaotoboa ekzosi ili zingurume, zitazameni plagi zenu.)

Nikafika nyumbani zikiwa zimebaki siku nne. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akasikiliza.

“Siyo sauti yake,” akasema.

“Siyo yake, mama.”

“Lakini linakwenda?”

“Linakwenda.”

Akaweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri, akapanda nyuma. “Haya, nipeleke Kisesa tukaulize bei ya saruji.”