Kabla ya kwenda kuona Kabambare: kimya ni cha namna mbili

Kila nikitoka studio, mtu ananisimamisha njiani na kuniuliza swali lilelile: «Kabambare sasa kumetulia?» Swali hilo liko hata nyumbani kwangu. Shangazi yangu, tunayekaa naye tangu alipokimbia, anataka kwenda kuangalia kaburi la mume wake na michikichi aliyoiacha. Kwa hiyo sisi pia tunapanga safari, na leo nawaambia namna tunavyoipanga.

Kuna watu duniani wanaosafiri mbali wakitafuta kimya tu. Kule India kuna mji wa Darjeeling, juu kwenye milima ya Himalaya. Waingereza waliokuwa wakitawala walipanda huko kukimbia joto la bonde, na tangu 1881 treni ndogo inapanda mpaka kule. Anayepanga kwenda anauliza juu ya baridi, chumba cha kulala na bei ya tiketi. Kimya chenyewe hakiulizii, anajua atakikuta. Kwetu ni kinyume. Kabambare ni mji mdogo, uko katikati ya vilima, una hewa nzuri na hauna makelele ya magari. Lakini jambo la kwanza la kuuliza ni hilohilo: kimya hicho ni cha namna gani?

Kwa maana kimya ni cha namna mbili. Kuna kimya cha kijiji ambacho watu wameenda shambani, watoto wako darasani, na wazee wanaongea polepole chini ya baraza. Na kuna kimya cha kijiji ambacho watu wamekimbia. Ukisimama mbali, vyote viwili vinafanana. Mtu akikupigia simu na kukuambia «huku kimya, hakuna bunduki», hajakuambia bado ni kipi kati ya hivyo viwili.

Historia yetu inatufundisha hilo. Misafara iliyotoka Ujiji kuja Kasongo na Nyangwe ilikuwa ikipumzika Kabambare. Daktari Livingstone alifika hapo Septemba 1869, na katika maandishi yake alipaita Bambarre. Aliisifu nchi hii ya Maniema kwa vilima vyake vyenye michikichi mpaka juu kileleni. Lakini miaka ileile watu wa vijiji walikuwa wakikimbia bunduki za wafanya biashara. Mwezi wa Julai 1871, kule Nyangwe, watu wa wafanya biashara walifyatua risasi sokoni, mamia wakafa, wengi wao akina mama waliokuja kuuza vitu vyao. Nchi ilikuwa nzuri kwa macho, na watu wake walikuwa wakilala porini. Uzuri wa mahali si ushahidi wa amani.

Basi sisi tumeacha kuuliza «kumetulia?» Tunauliza maswali madogo. Soko linafanyika siku yake, na akina mama wanabaki mpaka saa ngapi? Walimu wamerudi, au jengo la shule tu ndilo limesimama? Kituo cha afya kina muuguzi anayelala hapohapo? Watu wanalima mashamba ya mbali, au wanalima karibu na nyumba tu? Usiku wanalala ndani, au wanaenda porini na kurudi asubuhi? Wanaume vijana wanaonekana njiani? Mtu akijibu hayo, utajua kimya ni cha namna gani, hata yeye mwenyewe asipotaja neno «usalama».

Tena hatumuulizi mtu mmoja. Mwenye pikipiki anatafuta abiria, atasema njia ni nzuri. Aliyepoteza ndugu ataona hatari kila mahali, na hatuwezi kumlaumu. Tunatafuta watu watatu wasiojuana: mama anayefanya biashara ya mafuta ya mawese, mwalimu, na mtu wa shirika la raia. Wakisema jambo moja, tunaanza kuamini. Wakipingana, tunangoja.

Jambo la pili ni majira. Mvua inapungua Juni mpaka Agosti, na huo ndio wakati wetu. Luama na vijito vyake vikijaa, kilalo cha miti kinaenda na maji, na pikipiki inasukumwa matopeni siku nzima. Livingstone mwenyewe alitembea katika mvua na matope ya nchi hii. Alirudi Bambarre Julai 1870 akiwa na vidonda vya miguu, akakaa mpaka Februari 1871 ndipo akaweza kuondoka. Mtu mwenye umri wa shangazi hawezi kungoja hivyo njiani.

Jambo la tatu: nani anaenda na anabeba nini. Tumekubaliana kwamba shangazi hataenda wa kwanza. Atatangulia mjomba mmoja, mtu mzima anayejulikana huko, alale siku mbili tatu, aje atuambie. Watoto wanabaki Wamaza. Kila mmoja anabeba kadi yake ya uchaguzi, na pesa ndogondogo kwa sababu kwenye barieri hakuna anayerudisha chenji. Hatubebi mizigo ya kuhama. Na siku ya kuondoka haitatangazwa, hata katika redio yangu. Watakaojua ni wale wa nyumbani tu.

Jambo la nne ndilo gumu zaidi. Pengine shangazi atamkuta mtu mwingine anakata matunda ya michikichi yake. Pengine ni mkimbizi kama yeye, aliyetoka kijiji kingine akatafuta chakula. Tumemwomba asigombane shambani. Aende kwanza kwa shefu wa kijiji, aketi, aseme yeye ni nani na shamba lilikuwa la nani, na majirani wa zamani wawepo. Shamba halikimbii. Maneno yaliyosemwa kwa hasira yanaweza kufunga njia ya kurudi kuliko bunduki.

Ndugu zangu, kuna hofu moja ninayoisikia sana: «Nikienda kuangalia, watasema nimerudi, na jina langu litafutwa kwenye orodha.» Kwenda kuangalia si kurudi. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, unasema mtu aliyehamishwa achague mwenyewe, akiwa na habari za kweli: kurudi kwao, kubaki alipo, au kwenda mahali pengine. Habari za kweli zinapatikanaje kama mtu hajaenda kuona kwa macho yake? Kabla ya kuondoka, mwambieni mwenyekiti wa kamati yenu kwamba mnaenda kutembelea, mtarudi, na nani anabaki nyumbani.

Shangazi aliniambia: «Baba, mimi sitafuti kuhama leo. Nataka niione nyumba, nijue nalia nini.» Nadhani wengi wenu mnaelewa neno hilo. Mtu asiyejua nyumba yake imesimama au imeungua hawezi kuamua kitu. Hawezi kununua hata mbegu.

Mpaka sasa majibu mawili kati ya matatu tumeyapata, na yanapatana. La tatu, la mwalimu, bado tunalingoja, kwa sababu mtandao wa simu unapotea huko. Likija vizuri, mjomba ataondoka mvua ikikatika. Likija vibaya, shangazi ataendelea kulima hapa pamoja nasi msimu mwingine, na mwaka ujao tutauliza tena kuhusu soko, shule, muuguzi na mahali watu wanapolala.