Kifabakazi cha Mzee wa Muhoroni

Kando ya Muhoroni, mahali yanapokoma mashamba ya miwa na kuanza kuinuka milima ya Nandi, alikaa mzee mmoja Mjaluo. Siku moja jirani yake Mnandi alimletea zawadi: chipukizi la kifabakazi, lililong'olewa pamoja na mzizi wake. Mti huo Wazungu wameuita kwa jina la Wanandi na kwa maua yake mekundu yanayowaka kama moto.

Mzee alichimba shimo, akachanganya udongo mweusi na samadi, kwa maana udongo huo hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Akauzungushia mche miiba ili mbuzi wasiufikie, akaunywesha maji kila jioni mpaka kiangazi cha kwanza kikapita. Baada ya miaka michache ulichanua. Ndege wadogo walikuja kunywa katika vikombe vya maua, na watoto wa kijiji waliyafinya matumba, wakarushiana maji yaliyomo.

Kosa lake lilikuwa moja: aliupanda karibu mno na nyumba. Kifabakazi hukua upesi, lakini mti wake ni mwororo, na matawi huvunjika kwa upepo. Ikampasa kuyapunguza kila mwaka kabla ya mvua kubwa.

Mwaka 1991 ghasia za ukabila ziliingia katika mpaka huo. Nyumba zilichomwa, na watu wakakimbia makwao. Vijana walimjia mzee na mashoka, wakitaka kuuangusha mti walioita wa adui. Mzee alisimama shinani akasema, "Wanangu, aliyenipa mti huu alinipa kwa urafiki. Nanyi nyote mliucheza maji yake." Vijana walitazamana, kwa kuwa neno hilo lilikuwa kweli. Wakaenda zao.

Amani iliporejea, jirani alirudi kwake akakuta majivu, na kifabakazi chake kimekatwa. Basi mzee alichimba chipukizi katika mizizi ya mti wake, akalifunga kwa gunia lililoloweshwa maji, akapanda nalo mlimani.

Wakachimba shimo pamoja. Mzee alisisitiza jambo moja tu: safari hii mti upandwe mbali na nyumba.