Tovuti ya Mahafali na Msomaji Wake

Walimu wanafunzi wengi hudhani kwamba kutengeneza tovuti ni kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka yalipotufika haya.

Kabla hatujahamia chuoni tulifundisha kijijini, upande wa Haydom, Wilaya ya Mbulu. Mmoja wa wanafunzi wetu wa darasa la nne alisoma hadi akamaliza chuo kikuu. Mama yake, ambaye hakupata kusoma, alitujia akaomba tumtazamie siku ya mahafali katika simu. Tulipanda kilimani penye mtandao, tukafungua tovuti ya chuo, tukamsomea: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mama akauza mbuzi wawili. Akashuka kwa njia ya Basotu hadi Katesh, akapanda basi la Singida na kuendelea na safari yake. Alipofika alikuta uwanja mtupu. Mahafali yalikuwa yamesogezwa mbele kwa juma zima. Tangazo jipya lilikuwapo, lakini lilipigwa picha na kubandikwa katika ukurasa mwingine, na ule tuliousoma ukaachwa kama ulivyokuwa. Kijana alikuwa kazini Mtwara. Alipopata habari, mama alikwisha ondoka, naye hana simu. Fedha za kungojea juma zima hakuwa nazo. Alirejea na khanga yake mpya ikiwa bado na mkunjo wa dukani, akatuambia, “Mwalimu, wewe ndiye uliyenisomea.”

Jambo hili tulilipeleka kwa walimu wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha Katesh, Wilaya ya Hanang. Kompyuta hatukuwa nazo. Tulitumia karatasi za manila. Kila kundi lilipanga tovuti ya mahafali kama lipangavyo andalio la somo: msomaji ni nani, anataka kujua nini, atafanya nini akishajua. Makundi yote isipokuwa moja yalianza na picha kubwa ya mkuu wa chuo. Tuliwauliza kama mzazi aliyenunua kifurushi kidogo cha intaneti atapenda kukimaliza kwa picha hiyo. Walicheka, wakamhamishia mkuu chini. Juu wakaweka tarehe pamoja na mwaka, mahali, saa ya kuingia, idadi ya wageni kwa kila mhitimu, na mahali pa kuchukulia na kurudishia joho. Yote kwa maandishi, wala si kwa picha ya tangazo.

Utunzaji ulitushinda zaidi ya upangaji. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana kwamba kila habari ikae mahali pamoja tu. Ikibadilika irekebishwe palepale, na siku ya marekebisho iandikwe. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni hufuta. Haandiki nyingine ukutani nyuma ya darasa. Kurasa za miaka iliyopita ziwekwe katika jalada lenye mwaka wake, na awepo mtumishi mmoja mwenye kuwajibika, simu yake ikionekana.

Majina nayo yataka uangalifu. Akhwari, mkimbiaji wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akiwa amejeruhiwa mguu, huweza kuandikwa Akwari na karani asiyezoea sauti za Kiiraqw. Nawe ukimtafuta kwa tahajia yake sahihi, kompyuta itajibu kwamba hayupo. Orodha itolewe mapema, kila mhitimu ahakiki jina lake kabla kitabu cha mahafali hakijachapwa. (Wadatooga, ambao majina mengi ya wanaume wao huanza na Gida, wanaweza kuijaza herufi G peke yao.)

Watu wa Katesh hawakuhitaji kuelezwa kwa nini tarehe hubadilika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80. Na Novemba na Desemba ndiyo miezi ambayo vyuo vikuu vyetu vingi hufanya mahafali.

Tuliporudi Haydom tulimsomea mama yule karatasi tuliyoiona bora kuliko zote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na siku mwalimu asipopanda kilimani?”

Walimu wanafunzi wawili tuliokuwa nao walitazamana. Mmoja akachukua kalamu, akaongeza mstari katika fomu ya mhitimu: namba ya simu ya jirani wa mzazi, atakayepigiwa siku ikibadilika.