Mstari Mwekundu Chini ya "Munane"

Jioni, baada ya masomo, ninafanya kazi katika sekretaria ya mjomba wangu, komini ya Kampemba: kuchapa, kutoa fotokopi, kufunga memwari. Tuna kompyuta nne, zote za Debian na LibreOffice, kwani mjomba alichoshwa na virusi vilivyosafiri ndani ya flashi za wateja. Programu hizo ni huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Wenzangu wa kitivo hulisikia hilo neno "kuubadilisha" kama zawadi. Kazi ya jioni imenifundisha kuliogopa kidogo, na woga huo, naona, unatuhusu sisi watu wa lugha kuliko tunavyodhani.

Wateja wetu wengi ni wanafunzi. Wanaleta mahojiano waliyorekodi kwa wazee: wastaafu wa migodi, mama wauza soko, makatekista. Wazee wanasema Kiswahili cha Lubumbashi. Kikagua tahajia kinajua kile cha Dar es Salaam. Ukichapa mahojiano, ukurasa unajaa wekundu: muntu, bintu, munane, njo, kila moja na mstari wake, kana kwamba mzee amekosea kuzungumza lugha aliyoishi nayo miaka sabini.

Kabla sijaanza kazi, fundi mmoja aliombwa na mteja auondoe wekundu huo. Alifungua faili la kamusi lililokuja na programu, akaongeza maneno humo humo. Mistari ikatoweka, mteja akalipa, kila mtu akafurahi. Kisha akaja dada aliyeandika memwari yake kwa Kiswahili sanifu. Katika kurasa za ufafanuzi, vidole vyake vilikuwa vimeteleza kama vyetu sote vinavyoteleza: muntu badala ya mtu, munane badala ya nane. Mashine haikumwonyesha hata moja. Wajumbe wa jopo walimwonyesha. Wiki chache baadaye lilikuja sasisho la kawaida, faili zima likabadilishwa na jipya, na maneno ya fundi yakafutika yote, hata yale ya maana, bila mtu yeyote kuwa na nakala.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kina ndugu mkubwa. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alikuwa na tatizo kama letu: chombo cha kukagua msimbo kilikuwa kinalalamika juu ya OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano. Hakuwa mzembe, aliuliza kwanza kwa watengenezaji. Kisha akaiondoa mistari miwili ya msimbo iliyosababisha lalamiko. Kimya kikapatikana, na programu ikaendelea kufanya kazi. Ila mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa unaingiza bahati nasibu ndani ya funguo. Bila huo, kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba ya mchakato wa kompyuta tu, yaani uwezekano 32,768 kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, kiasi ambacho mwizi mwenye kompyuta ya kawaida anakimaliza upesi. Kosa liligunduliwa Mei 2008 na Luciano Bello. Karibu miaka miwili dunia ilikuwa inafunga milango kwa funguo zinazofanana, na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu mlango ulikuwa unafungika.

Lalamiko la mashine lina sababu. Pengine sababu hiyo ni ujinga wa mashine yenyewe, kama ule wa kikagua tahajia mbele ya mzee wa Katuba. Lakini ukilinyamazisha kwa kukata ndani ya kitu chenyewe, utakuwa umekata na mengine usiyoyajua.

Mjomba ana falsafa yake. Akiniona nimefungua dirisha jeusi la amri husimama nyuma yangu: "Mashini iko natumika. Sasa unaitafutia nini?" Namjibu, "Mjomba, niko naangalia tu," naye haamini. Ana haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba programu isiyoguswa haibaki salama kwa kuachwa. Matundu yake hugunduliwa na watu wengine, na siku likitangazwa tundu, sisi tusiosasisha ndio tunaobaki wazi. Ninachokipenda katika toleo imara la Debian ni kwamba linaheshimu woga wa mjomba. Likionekana tundu la usalama, kwa kawaida hawakuletei toleo jipya lenye sura mpya. Wanachukua sehemu ile ndogo ya dawa na kuishona kwenye toleo lile lile ulilonalo. Hicho ni kiraka kwa maana ya fundi cherehani: nguo inabaki ile ile.

Kuhusu kazi yenyewe, hatua ya kwanza hapa kwetu haimo katika vitabu: angalia kuran. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, vipande vinabaki nusu vipya nusu vya zamani. Kuna amri ya kumalizia kilichokatizwa, lakini ni heri usiihitaji siku ambayo watu sita wanasubiri kuchapa. Kwa hiyo ninasasisha kwenye laptopu yenye betri iliyojaa, mashine moja tu, na zile tatu naziacha. Kwanza nanakili faili zote za wateja na mipangilio, naandika matoleo ya programu zilizopo, kisha naiacha mashine ile itumike kwa kazi halisi siku kadhaa: kufungua memwari ya zamani yenye majedwali, kuchapa, kuhifadhi PDF. Ikipita hapo, vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa navibeba kwa flashi hadi kwenye nyingine, maana mega ni pesa.

Kuna chombo kimoja ambacho natamani kingefundishwa katika kozi yetu ya uhakiki wa matini. Kinaitwa diff. Unakipa faili mbili, kinakupa tofauti tu: mstari huu umeondoka, huu umeingia, pamoja na mistari michache ya jirani ili ujue ni wapi. Aliyewahi kulinganisha miswada miwili ya utenzi na kuandika tofauti chini ya ukurasa ameshafanya diff kwa mkono. Mwenzake, patch, husoma orodha hiyo ya tofauti na kuitia kwenye faili. Unaweza kuiagiza ijaribu kwanza bila kubadilisha chochote, na unaweza kuiagiza irudi kinyume. Aliyeiandika, mwaka 1985, ni Larry Wall, ambaye ndiye pia aliyetunga lugha ya Perl. Alisomea isimu. Yeye na mkewe walikuwa na mpango wa kutafuta lugha isiyoandikwa, pengine Afrika, na kuitungia maandishi. Hakufika, lakini sioni ajabu kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyefikiria kutuma tofauti badala ya kutuma kitabu kizima.

Na sisi tuna mfano wetu, uliofanywa kwa karatasi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitoa historia ya mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kiswahili chake kimeandikwa kwa tahajia yake mwenyewe, maneno yakikatwa mahali tusipotarajia. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 angeweza kuisafisha. Badala yake aliweka picha ya maandishi ya asili kama yalivyo, na kando yake matini iliyopatikana kwa kumwomba Kalundi Mango aisome kwa sauti. Msomaji akitilia shaka usomaji huo, chanzo kiko palepale mbele yake. Kama angesahihisha ndani ya matini, leo tungekuwa tunabishana juu ya Yav bila kuwa naye.

Hata data za kompyuta kuhusu lugha yetu zimefika huko. Katika hazina ya CLDR ya Unicode, Kiswahili cha Kongo kiliwahi kuwa na alama yake, swc, na majina yake: mwezi ya kwanja, siku ya yenga. Baadaye kikawekwa chini ya sw, kikawa sw-CD. Rafiki yangu anaona tumeshushwa cheo. Mimi siko na hakika. Kule faili la mtoto huandika tu pale linapotofautiana na mzazi, na mengine hulichota kwake. Mzazi akirekebishwa, mtoto anafaidika. Mtoto akisema neno lake, mzazi haharibiki.

Basi hivyo ndivyo nilivyolitatua la wekundu. Kamusi iliyokuja na programu sikuigusa. LibreOffice inakuruhusu kuwa na kamusi yako mwenyewe, inayokaa katika folda ya mtumiaji ambapo masasisho hayafiki, na unaweza kuiwasha au kuizima. Nimeipa jina Lubumbashi. Anayechapa mahojiano huiwasha. Anayeandika sanifu huizima. Nakala ya orodha iko kwenye flashi na nyingine kwa mwenzangu, na kila badiliko lina diff yake, ili atakayekuja aone nani aliingiza nini.

Tatizo lililobaki ni memwari zilizochanganya: ufafanuzi sanifu, nukuu za wazee katikati. Nukuu nimezipa mtindo wake usiokaguliwa lugha, lakini hapo makosa yangu ya kuchapa nayo hupita bila kuonwa, kwa hiyo wateja wengine wanataka kamusi iwashwe kwa waraka mzima. Kwa ajili yao nimeliacha nje neno moja, njo. Ni neno linalorudi mno kinywani mwa wazee wetu. Nikilikubali, kila mwanafunzi atakayeandika njo akikusudia njoo hataonywa. Mjomba anasema ni aibu kulikataa. Kwa sasa mstari mwekundu unabaki chini yake, nami nalipitia kwa jicho, moja moja, mahojiano baada ya mahojiano.